Asidi ya majimoto, harufu ya beberu: majina ya kemikali yana mambo

Kuna swali naulizwa dukani karibu kila wiki, afu nikirudi nyumbani naulizwa tena na mtoto wa dada yangu aliyeko form four: jina lipi ndo sahihi? Asidi asetiki au asidi ethanoiki, asetoni au propanoni, formaldehaidi au methanali? Dogo kaambiwa darasani kwamba majina ya zamani ni makosa, ukiyaandika kwenye mtihani umekwisha, basi akija dukani kwangu akakuta madumu yameandikwa ASETIKI na FOMALINI anaanza kunisahihisha mbele ya wateja. Na wateja wenyewe hilo neno ethanoiki hawajalisikia tangu wazaliwe, na achari yao inanunuliwa, na sabuni yao inatoa povu kama kawaida.

Mi nauza malighafi za sabuni ya maji, sabuni za mche, losheni na vitu vya usafi, na kemia niliisoma kabla biashara haijaninasa, kwahiyo hili jambo nimelitazama toka pande zote mbili za kaunta. Msimamo wangu: jina la mtaani sio makosa. Hilo rasmi lenyewe limesimama juu ya la mtaani, ukilikwaruza kidogo tu unakuta siagi, sisimizi na gogo la mti humo ndani. Ila kuna mahali jina la mtaani linaua mtu, na hapo sina mjadala na yeyote.

Tuanze na majimoto. Aliyewahi kupanda mwembe au mkarafuu wa pwani anawajua hawa sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, ukiwagusa wanakung'ata afu wanakumwagia kitu kinachochoma, ndo maana wakaitwa majimoto. Kile kinachochoma ni asidi ya formiki. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kilatini la sisimizi, formica, na mtu aliyeieleza mapema ni John Ray wa Uingereza karne ya 17, ambaye alipata asidi hiyo kwa kuwakeneka sisimizi kwa moto, yaani aliwachemsha kwenye chombo akakusanya mvuke. Jina lake la mtihani ni asidi methanoiki, na linakwambia kitu kimoja tu, kwamba ina kaboni moja na kundi la asidi. Sisimizi hawamo tena, wametolewa.

Asetiki nayo ni Kilatini cha siki, acetum. Na kama unashangaa kwanini pipa la asetiki kali huandikwa neno lenye maana ya barafu, ni kwa sababu ile tupu isiyo na maji inaganda kwenye nyuzi 16.6. Huku Dar hutakaa uione, ila ukiiacha stoo Njombe au Makete usiku wa mwezi wa sita asubuhi unaikuta imekuwa jiwe jeupe, na mteja atakupigia simu akilalamika umemuuzia chumvi.

Afu kuna ile familia ya beberu. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, alikaa akachambua mafuta ya wanyama na siagi kipande kwa kipande, na mwaka 1823 akatoa kazi yake kubwa. Asidi aliyoikuta kwenye siagi, ile inayonuka siagi ikishaharibika, ikaitwa butiriki, toka neno la Kilatini la siagi. Zingine zilikuwa na harufu ya beberu aliyekosa kuoga, na hakuna aliyehangaika kutafuta jina la heshima, zikaitwa kwa jina la mbuzi, capra: kaproiki, kapriki, na baadaye ikaongezwa kapriliki. Tatu zote zinafanana majina mpaka unachanganyikiwa, hata mimi naangalia mara mbili. Ya kwanza ina kaboni 6, kapriliki 8, kapriki 10. Kwa majina rasmi ni heksanoiki, oktanoiki na dekanoiki, na hapo nampa dogo ushindi maana mwenye kujua kuhesabu Kigiriki mpaka kumi hawezi kuzichanganya.

Na hizi sio za Ulaya tu. Nazi yako hiyo ina kapriliki na kapriki kiasi, na karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, kaboni 12, iliyopewa jina la mti wa laureli ambao kwetu hatuna. Mawese ya Kigoma yana palmitiki kwa wingi, kaboni 16, hiyo angalau imepewa jina la mchikichi na ndugu zake. Sasa ile Ungerol mnayonunua kwangu kwa ajili ya povu, kitaalamu inaitwa sodiamu laurili etha salfeti, na hiyo laurili ni ile ile ya kaboni 12, mara nyingi imetoka kwenye nazi au mbegu za mchikichi. Ukikuta dumu lingine limeandikwa dodesili badala ya laurili usigombane na muuzaji, dodesili ni kumi na mbili kwa Kigiriki, ni mnyororo ule ule. Nimeona watu wanagombana.

Sasa kwanini wazungu waliamua kuyaacha haya majina matamu? Kwa sababu karne ya 19 kila aliyekamua kitu kwenye mmea au mnyama alikipa jina analotaka, na kitu kimoja kilikuwa na majina matatu, na majina mawili yanayofanana yalikuwa vitu tofauti kabisa. Mjerumani August Wilhelm Hofmann mwaka 1866 akapendekeza utaratibu wa irabu, kwamba haidrokaboni, yaani vitu vya kaboni na haidrojeni tupu, zifuatane kwa a, e, i, o, u kadiri haidrojeni inavyopungua, na humo ndo zimetoka -ane na -ene tunazozijua mpaka leo. Hizo mbili za mwisho za o na u hazikushika. Mwezi wa nne 1892 wanakemia wa Ulaya wakakutana Geneva wakaweka kanuni za kwanza za pamoja, na baada ya vita ya kwanza, 1919, ikazaliwa IUPAC, huo umoja wa kimataifa wa kemia ambao ndo unatoa hicho kitabu cha bluu chenye sheria za majina.

Lakini angalia walivyofanya. Kaboni tano ni pent, sita ni heks, saba ni hept, Kigiriki safi. Kaboni moja mpaka nne je? Meth, eth, prop, but. Hakuna hesabu hapo! Hayo ni majina ya mtaani yaliyovishwa suti. Meth ilitungwa na Wafaransa Dumas na Péligot miaka ya 1830 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kileo na mti, kwa sababu spiriti hiyo ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa. Eth ni etha. Prop imetoka kwenye asidi propioniki, ambayo Dumas huyo huyo aliita mafuta ya kwanza. Na but ni siagi ya Chevreul. Hofmann alijaribu kuiita ile ya kaboni nne kwatani, yaani nne kwa Kilatini, watu wakamkatalia wakabaki na siagi yao. Kwahiyo mtungi wako wa gesi ya kupikia, ambao ndani ni propani na butani, una mafuta ya kwanza na siagi, na hayo ndo majina RASMI. Mwambie mwalimu wako hivo, kwa adabu lakini.

Jina la kimfumo faida yake ni nini basi? Ni kama zile anwani za makazi walizotuwekea Tanzania 2022, namba ya nyumba na jina la barabara. Jina la mtaani linakwambia shuka kwenye mwembe uliza kwa mama Asha, na kwa anayekaa hapo inatosha sana. Lakini mgeni anataka kitu ambacho akikisoma tu anafika bila kumuuliza mtu. Ngoja nikuonyeshe kwa kitu cha kwetu.

Karafuu. Ile harufu inayokupokea ukiwa Pemba msimu wa kuanika, mikeka imejaa barabarani, ni ya kitu kinaitwa yujenoli. Ndo hicho hicho kinachokamuliwa kwenye makonyo pale kiwanda cha Wawi, Chake Chake, na ndo harufu ya kliniki ya meno, kwa sababu madaktari wa meno wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi kupata dawa ya kuzibia jino. Jina limetoka wapi? Zamani wataalamu wa mimea waliiweka karafuu kwenye jenasi ya Eugenia, na hiyo Eugenia ilipewa jina la mwanamfalme Eugène wa Savoy, jenerali wa majeshi ya Austria aliyefariki 1736. Siku hizi karafuu imehamishiwa Syzygium, mti umebadili jina ila mafuta yake bado yanamtaja jenerali ambaye hakuwahi kukanyaga Unguja wala Pemba. Jina lina hadithi nzuri, lakini halikwambii chochote kuhusu molekuli yenyewe. Sifuri.

Jina la kimfumo ni 2-methoksi-4-(prop-2-en-1-ili)fenoli. Usikimbie, twende taratibu. Anzia mwisho: fenoli, ni pete ya kaboni sita yenye OH (oksijeni iliyoshika haidrojeni moja) imening'inia, na kaboni iliyobeba hiyo OH ndo namba 1. Sogea namba 2, kuna methoksi, yaani oksijeni iliyoshika kaboni moja na haidrojeni zake tatu. Ruka mpaka namba 4, upande wa pili wa pete ukitazamana na OH, hapo kuna mkia, na kilichoko ndani ya mabano ni maelezo ya mkia peke yake wenye hesabu yake mpya: prop, kaboni tatu, en, kuna dabo bondi (kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili), 2, inaanzia kaboni ya pili ya mkia, 1-ili, umeshikwa kwenye pete kwa kaboni yake ya kwanza. Hesabu: sita za pete, moja ya methoksi, tatu za mkia, jumla 10. Fomula ya yujenoli ni C10H12O2, imekubali. Mtu wa Japani ambaye hajawahi kuona karafuu anaweza kuichora kwa kusoma mstari mmoja, na hilo jenerali hawezi.

Afu isogeze hiyo dabo bondi hatua moja kuelekea kwenye pete, prop-1-en, umepata isoyujenoli, kitu kingine chenye harufu nyingine. Ukiukata huo mkia pale kwenye dabo bondi ukabakisha kaboni moja yenye oksijeni unapata vanilini, ladha ya vanila, na ni kweli kwa muda mrefu vanilini ya viwandani ilitengenezwa toka mafuta ya karafuu kwa njia hiyo. Lakini hapo wanafunzi huwa wanaanguka, kwa sababu vanilini kimfumo ni 4-haidroksi-3-methoksibenzaldehaidi, OH iliyokuwa namba 1 ghafla iko namba 4 wakati haijahama! Kilichotokea ni kwamba aldehaidi, ile kaboni yenye oksijeni iliyobaki, ina cheo kuliko OH, ikiingia kwenye molekuli inachukua namba 1 na wengine wote wanahesabiwa upya. Molekuli haijazunguka, aliyezunguka ni anayehesabu. Ukilielewa hilo umemaliza robo ya kazi.

Na hiyo benzi kwenye benzaldehaidi ina habari yake tamu zaidi. Kuna utomvu wa kufukiza kutoka Sumatra ambao Waarabu waliuita luban jawi, ubani wa Java, wafanyabiashara wa Ulaya wakadhani ile lu ya mbele ni kiambishi tu wakaikata, ikawa benjui, ikawa benzoini, kwenye huo utomvu ikatolewa asidi benzoiki, na mwaka 1833 Mjerumani Mitscherlich akaichoma hiyo asidi pamoja na chokaa akapata kimiminika alichokiita benzini. Faraday alishakipata 1825 kwenye mafuta yaliyobaki kwenye gesi ya taa, ila jina lake halikudumu. Kwahiyo ile pete ya sita mnayoichora ubaoni ni ubani, ule ule unaowekwa kwenye chetezo, walau kwa jina. Mfaransa Laurent alitaka iitwe feni, toka neno la Kigiriki la kung'aa kwa sababu ya hiyo gesi ya taa, akashindwa kwenye pete yenyewe ila akashinda kwenye vipande, ndo maana pete ikiwa imening'inia kwenye kitu kingine inaitwa fenili na sio benzili, na yenye OH ni fenoli. Benzili ipo, ila ni pete pamoja na kaboni moja ya ziada. Kila mwaka kuna mtu analia na hili, na chanzo chake ni wanaume wawili wa karne ya 19 walioshindwa kukubaliana.

Nimesema kuna mahali jina la mtaani linadanganya. Mfano mdogo kwanza: asetilini, gesi ya mafundi wa kuchomelea, ile inayotoka kwenye kabaidi ikipata maji. Ukisikia mwisho wake unadhani ni ndugu ya ethilini, yenye dabo bondi, kumbe ina tripo bondi, jina la kimfumo ni ethaini. Ethilini yenyewe, etheni, ndo gesi ambayo tunda linaitoa lenyewe kuiva, na wale wanaoivisha maembe na ndizi kwa kabaidi wanatumia asetilini kuigiza kazi ya ethilini. Inaigiza kweli, ila kabaidi ya viwandani ina mabaki ya aseniki na fosforasi, kwahiyo ndizi inapata rangi na wewe unapata vingine. Sasa kichekesho chenyewe: kwenye mapendekezo ya IUPAC ya 2013 jina linalopendelewa ni asetilini! Ethaini imebaki inaruhusiwa tu. Na sio hiyo peke yake, asidi asetiki, asidi formiki, formaldehaidi, tolwini, anilini, zote zimewekwa kama majina yanayopendelewa. Asetoni haikubahatika, wakaipa propan-2-oni. Kwahiyo yale mafuta ya kutolea kutex ndo yenye jina la mtihani, na siki imerudishiwa jina la bibi yake. Hata yurea, ambayo mkulima wa Mbeya anaitaja bila kujua kwamba ni neno la mkojo, ndo jina lake linalopendelewa.

Dogo nilimwonyesha hili akanyamaza kidogo, afu akauliza la maana: sasa kwenye mtihani niandike ipi? Andika ile swali inayotaka, mjomba. Wakisema jina la IUPAC andika ethanoiki kama silabasi inavyosema, usiende kubishana na msahihishaji kuhusu 2013, hana muda huo na wewe unataka maksi.

Mfano mkubwa sasa, na hapa naomba wenzangu wa losheni na sabuni msome taratibu. Glisirini na glaikoli. Majina yote mawili yanatoka neno moja la Kigiriki la utamu, na kweli zote ni tamu, zote nzito, zote hazina rangi, ukiziweka kwenye chupa mbili hakuna jicho litakalozitofautisha. Glisirini ni propani-1,2,3-trioli: kaboni tatu, OH tatu, unaweza kuila, iko kwenye keki na dawa za kikohozi. Ethilini glaikoli ni ethani-1,2-dioli: kaboni mbili, OH mbili, ni ya rejeta ya gari, na ukiinywa mwili unaigeuza kuwa asidi oksaliki ambayo inashikana na kalsiamu na kuwa vijiwe kwenye figo. Kuna na ndugu yake, daiethilini glaikoli, mbaya vile vile. Hiyo ndo iliyoua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937 ikiwa imetumika kuyeyushia dawa, na Gambia 2022 watoto takribani 70 walikufa kwa figo, WHO ikatoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa na hizo glaikoli mbili. Mtaani zote unaambiwa "ni glaikoli tu kaka, inafanya kazi ile ile". Haifanyi. Propilini glaikoli, propani-1,2-dioli, hiyo ndo ya vipodozi. Angalia tofauti kwenye majina ya kimfumo, iko wazi kama mchana, hesabu ya kaboni na idadi ya OH; angalia kwenye majina ya dukani, ni silabi moja au mbili zinazomezwa na kelele za bodaboda.

Na spiriti. Methanoli na ethanoli, kaboni moja na kaboni mbili, zote maji meupe, harufu zinakaribiana, moja inachemka kwenye nyuzi 64.7 na nyingine 78.4. Mtaani zote ni spiriti. Nairobi, Novemba 2000, pombe iliyokuwa inaitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake iliua watu zaidi ya 100 na wengine wakapoteza macho, ilikuwa imetiwa methanoli. Methanoli yenyewe sio inayoua moja kwa moja, ini ndo linaigeuza kuwa formaldehaidi, afu formaldehaidi inakuwa asidi formiki, ile ya majimoto, na hiyo ndo inakwenda kuvuruga mshipa wa jicho. Hospitali wakiwahi wanaweza kumpa mgonjwa ethanoli, pombe yenyewe, kwa kipimo, ili ini lishughulike na hiyo kwanza na methanoli itoke kwa mkojo au kwa mashine ya kusafisha damu. Hiyo ni kazi ya daktari, msije mkaniambia mlisoma kwangu.

Kwahiyo mteja akiniambia nataka spiriti namuuliza ya nini. Wengine wanakasirika, wanaona nawapeleleza. Ya kitakasa mikono? Basi ni ethanoli au ile wanayoiita IPA, isopropili alkoholi, propan-2-oli, ambayo kiwango cha WHO ni asilimia 80 kwa ethanoli na 75 kwa hiyo ya pili. Ya kuyeyushia rangi ya mbao? Hapo tutaongea.

Hata kwenye dawa hili linatokea, ndugu zetu walioko Marekani wanalijua. Ukifika kule ukiulizia parasetamoli duka zima linakutazama, wao wanaita asetaminofeni. Ni kitu kimoja: jina refu para-asetilaminofenoli, Waingereza wakaokota herufi huku na kule wakapata moja, Wamarekani wakaokota zingine. Hatari yake ni mtu kumeza Panadol aliyopakiwa na mama kutoka nyumbani, afu juu yake akameza dawa ya mafua ya kule yenye asetaminofeni akidhani ni vitu viwili. Kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha ini linaumia na halipigi kelele mpaka limechelewa.

Mimi nanunuaje mzigo basi, kama majina ya mtaani yanateleza na ya kimfumo hakuna anayeyaandika kwenye dumu? Naangalia namba ya CAS. Ni namba ambayo taasisi moja ya Marekani inaipa kila kemikali tangu 1965, haina maana yoyote, haitaji sisimizi wala kaboni, ni foleni tu ya aliyefika. Ethanoli ni 64-17-5. Methanoli ni 67-56-1. Glisirini 56-81-5, ethilini glaikoli 107-21-1. Uzuri wake tarakimu ya mwisho ni ya kujikagua: chukua ethanoli, acha hiyo 5 ya mwisho, anza kulia, 7 mara 1, 1 mara 2, 4 mara 3, 6 mara 4, unapata 7 na 2 na 12 na 24, jumla 45, na tarakimu ya mwisho ni 5. Imekubali. Mtu akigeuza akaandika 64-71-5, hesabu inatoa 51, mwisho 1, haikubali, unajua kuna mtu alikuwa anasinzia au ana mambo yake. Haikulindi na anayebandika lebo ya kweli kwenye dumu la uongo, hilo ni suala la kujua unanunua kwa nani na kudai karatasi ya vipimo ya mzigo husika, ila kwa makosa ya mikono inasaidia sana.

Dumu lililoandikwa GLISIRINI kwa maka peni, bila namba wala jina la kiwanda, sichukui hata likiwa nusu bei, na nawe ukija kununua kwangu dai hiyo namba kabla hujalipa, iko ubavuni kwa maandishi madogo karibu na alama za hatari.